Seva iko Tabata, njia inapitia Ujerumani

Jumamosi iliyopita niliamua kuipanga upya seva yangu ya nyumbani, kompyuta inayohifadhi picha na mafaili yetu, pamoja na mtandao wake wote, kazi ambayo nimekuwa nikiiahirisha tangu mwaka jana. Nilizima kila kitu, nikachomoa kebo zilizokuwa zimesokotana nyuma ya kabati kama tambi za futari, nikabandika jina kwenye kila moja, kisha nikatenga mtandao wa wageni na wetu. Alasiri taa zote ziliwaka. Ndipo nilipofungua ukurasa wa ruta, kifaa kinachotuunganisha na intaneti, na kuiona tena ile anwani ya intaneti inayoanza na 100.72, furaha yote ikaniishia.

Wenzangu wenye seva nyumbani mnaijua. Tangu mwaka 2012, fungu la anwani zinazoanza na 100.64 hadi 100.127, lenye anwani zaidi ya milioni 4, limetengwa kwa ajili ya watoa huduma wa intaneti wanaowarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ukiwa humo unaweza kutoka, lakini hakuna awezaye kukubishia hodi, yaani kuifikia seva yako kutoka nje. Hata ukifungua mlango wa chumba chako, geti limefungwa na ufunguo anao mwenye nyumba.

Niliwapigia huduma kwa wateja wa mtoa huduma wangu kuomba anwani ya umma iliyo yangu peke yangu. Kijana aliyepokea alinijibu kwa upole: "Kaka, anwani ya kudumu ni ya makampuni. Wewe nyumbani unaitakia nini?"

Ninaitakia nini! Mama yangu anaishi Tanga, na picha za harusi ya mdogo wangu ziko kwenye diski hapa Tabata. Ili azione, imenibidi nikodi seva ndogo Ujerumani yenye anwani ya umma na kuiunganisha na ya kwangu kwa WireGuard, programu inayojenga njia ya siri kati ya kompyuta mbili, hivyo kila picha huvuka bahari, hufika Ulaya, hugeuka, kisha hurudi Tanzania hadi kwenye simu yake. Basi la Tanga halipitii Ujerumani. Tena Dar es Salaam tunayo TIX, kituo kilichowekwa makusudi ili watoa huduma wabadilishane data za ndani bila kuzitoa nje ya nchi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zinazotuunganisha na intaneti ya nje zilipokatika baharini, watoto wangu waliendelea kusoma Wikipedia niliyoihifadhi kwa Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, bila hata kujua kwamba kuna tatizo, ilhali bibi yao, aliye umbali wa saa tano au sita kwa basi, alikuwa akitazama duara likizunguka kwenye kioo. Nilipomweleza sababu aliniuliza, "Mwanangu, kumbe picha zetu umezipeleka Ulaya?" Sikuwa na jibu la maana.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba anwani za IPv4, yaani za mfumo wa zamani wa intaneti, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na zimekwisha kugawanywa, na kwamba geti hilo huwakinga watu ambao hawajawahi kubadilisha nenosiri la kamera zao. Hata hivyo IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi mno, ilibuniwa katika miaka ya 1990 kwa sababu hiyohiyo ya uhaba. Ruta yangu inaiweza, seva inaiweza, simu ya mama inaiweza. Anayesuasua ni mtoa huduma aliye katikati yetu, anayepokea malipo kila mwezi bila kuchelewa. Wala siombi kupewa bure. Nilimwomba yule kijana anitajie bei, nayo bei hakuwa nayo.



Kodi ya seva ya Ujerumani inakwisha mwezi ujao, nami nitailipa, kwa sababu mama ameshaanza kuulizia picha za arobaini ya mjukuu.