Mla bumu ni mgeni au mkopaji?

Kila bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu kwa mwanafunzi wa chuo, likichelewa, mabishano huwa yaleyale. Wanafunzi wanalalamika, viongozi wa serikali ya wanafunzi wanaitwa ofisini kuonywa, na huku mtaani watu wazima wanasema: hawa wanasomeshwa kwa kodi zetu, watulie wasome. Kauli hiyo ina mizizi mirefu Tanzania, na kuna wakati ilikuwa na uzito wa kweli.

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu, baadhi wakiwa wamevaa majoho. Walikuwa wanapinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la msomi kutumikia miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Kuna bango lililosema afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza karibu wanafunzi 400. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata, lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Hoja yake ilikuwa ngumu kuijibu. Alikuwa akimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada; akila asirudi, ni msaliti. Kijana wa 1966 hakulipa ada wala hakudaiwa kitu. Alikuwa mgeni wa taifa maskini, na mgeni hachagui kitoweo. Hata leo nikisoma habari za maandamano yale, moyo wangu unaegemea kwa Mwalimu.

Ila mambo yamebadilika. Miaka ya 1990 ilileta sera ya kuchangia gharama, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ikaanza kazi 2005. Tangu hapo chakula cha kijiji kinaandikwa kwenye daftari. Mhitimu anapewa miezi 24 ya kujipanga, kisha akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Zamani makato yalikuwa asilimia 8. Yalipopandishwa 2016 yaliwakumba hata waliosaini fomu zao wakijua ni 8. Kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya deni livimbe huku mtu analipa, mpaka ilipofutwa 2021. Mtu wa namna hiyo ukimwambia anyamaze kwa sababu anakula bure, unamdanganya.

Wapo wanaojibu kwamba mkopo usio na dhamana na usiodai kitu kwa miaka mitano hautolewi na benki yoyote, kwa hiyo bado ni msaada. Wana hoja. Kijana wa Form Six anayetoka familia ya mkulima wa mahindi hana hati ya nyumba ya kuweka mezani. Bila Bodi, asingefika Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wala Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Lakini msaada wenye mkataba ni mkataba, na mkataba una pande mbili.

Tuliangalie bumu lenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, kutoka 8,500. Hupewi kila siku. Linaingia kwa mkupuo, la siku 60 hivi. Sasa mwanafunzi aliyekosa hosteli anatafuta chumba Changanyikeni au Msewe, na mwenye nyumba wa Dar anataka kodi ya miezi sita mkononi. Hela ya miezi miwili inalipa kodi ya miezi sita. Wiki ya kwanza haijaisha, mtu amerudi kwa mama ntilie kula kwa daftari, au ameingia hosteli kubebwa na rafiki, wawili kitanda kimoja. Ndiyo, wapo wanaonunua simu na kula bata mpaka asubuhi siku bumu linaposoma kwenye akaunti, na ndio wanaosimuliwa mtaani. Wa kodi ya miezi sita hawasimuliwi.

Kwa upande wa wajibu, wanafunzi wana deni lao pia. Fomu ya mkopo inasainiwa kama risiti ya duka, bila kusomwa. Wahitimu wanaopata kazi hujificha wakiomba mwajiri asijue, ilhali marejesho yao ni sehemu ya fungu linalowakopesha wadogo zao. Anayekimbia deni anamkosesha nafasi kijana aliyenyimwa mkopo anayehangaika na dirisha la rufaa. Na kudesa mtihani, yaani kuibia majibu, kisha ukalilia haki baada ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni, hilo halina utetezi.

Hata hivyo, sioni kama pande hizi zinalingana uzito. Mei 2016, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu pale UDOM walirudishwa nyumbani kwa sababu walimu walikuwa hawaingii darasani. Walitakiwa kuondoka mara moja. Rais Magufuli alisema baadaye kwamba vilaza hawakustahili kuwa chuo kikuu. Inawezekana sifa za baadhi yao zilikuwa na walakini, lakini programu ile ilianzishwa na serikali yenyewe na wao waliitwa. Mwanafunzi akikosa mitihani anadisko. Walimu wasipoingia darasani, anayefungasha begi ni yuleyule mwanafunzi.

Ndiyo maana naona sehemu ya kuanzia iwe kwenye karatasi ambayo kila upande tayari unaitegemea. Kama mkataba unataja miezi 24 na asilimia 15, utaje pia tarehe ya bumu na kitakachofuata likichelewa, na useme wazi kwamba masharti hayatabadilishwa kwa aliyekwisha kusaini. Hapo kiongozi wa wanafunzi akienda kuuliza hela iko wapi, itakuwa vigumu kumwita mchochezi. Na mhitimu anayejificha naye hatakuwa na pa kusema kwamba alibadilishiwa masharti njiani.