Shikamoo Nyanya

Mama Neema kanipigia jana saa nne usiku, sauti ya chini kama yuko msibani: "Baba Neema, ni kweli umemkatiza mchungaji mahubiri?" Nikajua tayari. Mwenzangu wa chumbani ameshatuma sauti kwenye grupu la kwaya, na katika masimulizi yake eti nilisimama nikamnyooshea mzee kidole. Sikunyoosha kidole. Kama ni kucheka, chekeni kwa habari kamili.

Hali yangu mnaijua. Mwaka wa kwanza theolojia, Kiyunani kila siku ya Mungu, Jumapili niko mtaani nahubiri, jioni mazoezi ya kwaya, na hapo katikati bustani ya chuo nayo inataka maji. Kitabu nakifungua saa tano usiku. Mstari wa tatu haujaisha nimeshakuwa Eutiko, yule kijana wa Matendo 20 aliyesinzia dirishani Paulo akihubiri, akadondoka kutoka orofa ya tatu. Mimi naangukia daftari tu. Jaribio la kwanza nilipata 4 kwa 20. Nikajitetea kwamba hata Augustino alikiri alikichukia Kiyunani utotoni. Mkufunzi akajibu kwamba Augustino hana jaribio la marudio Ijumaa hii.

Ndipo nikakutana na njia ya nyanya. Kuna Mwitaliano, Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mwanafunzi asiyetulia kama mimi. Akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akawa anasoma dakika 25, anapumzika 5, anarudi tena. Pomodoro kwao ndiyo nyanya. Mimi saa ya nyanya sina, nina simu iliyopasuka kioo. Na kwa kuwa mlio wa kawaida huwa nauzima usingizini, nikajirekodi mwenyewe, kwa ukali, ndiyo ukawa mlio. Yale maneno nilidhani nitayasikia peke yangu.

Jana asubuhi kengele ya ibada inagonga, nami nikaiwasha nyanya yangu. Kadi za Kiyunani nimezichomeka ndani ya kitabu cha nyimbo, nikariri wakati wa matangazo. (Msinihukumu. Matangazo hata nyie hamsikilizi.) Nilichosahau ni kwamba juzi jioni simu yangu ndiyo iliyotupigia midundo mazoezini. Ile spika ya magurudumu ya kanisani ikishakuzoea haikusahau. Ikiwashwa tu inakukimbilia kama mbwa wa nyumbani.

Mhubiri alikuwa mchungaji mstaafu, mgeni wetu wa wiki, mzee wa watu mwenye sauti ya upole. Akamaliza jambo la kwanza. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. "Na jambo la pili, wapendwa..."

Spika ikakohoa. Kile kikohozi nikakitambua. Kilikuwa changu.

"DAKIKA ISHIRINI NA TANO ZIMEKWISHA!"

Mzee akafunga kinywa.

"ACHA HAPO HAPO ULIPOFIKA! NENDA KANYWE MAJI!"

Sasa sikilizeni simu ilikokuwa. Mfuko wa suruali. Suruali ndani ya joho la kwaya. Joho limefunika kuanzia shingo hadi vifundo vya miguu, na fundi aliyelishona hakuona sababu ya mwimbaji kuhitaji mfuko. Nikaanza kulipandisha kutoka chini, taratibu, macho mbele, uso wa mtu anayeomba. Magoti yakatokea. Dada wa soprano aliyekuwa kando yangu akasogea.

"HIVI WEWE KWELI UTAMHUBIRIA NANI? MBUZI?"

Nyuma huko mtu alianza kicheko akakimalizia kwa kikohozi. Joho likafika kiunoni, likanasa kwenye mkanda.

"LUO! LUEIS! LUEI!"

Jamaa mmoja Mjaluo wa Rorya aliyekaa mbele akageuka kama mtu aliyeitwa na wa kwao. (Ni kitenzi cha Kiyunani, ndugu yangu, ni "nafungua" tu!) Mkuu wa ibada akawa anaangaza macho kumtafuta mwenye zamu ya vyombo aizime spika. Mwenye zamu ya vyombo, jamani, ni mimi. Nimesimama na joho kiunoni. Simu nimeitoa, vidole vina jasho, kioo hakinisikii, nayo inamalizia ile sehemu niliyoirekodi kwa uchungu kabisa usiku wa ile 4 kwa 20:

"AMKA, EUTIKO! WATU WAMESHAKUCHOKA!"

Kimya. Mzee akatazama saa yake ya mkononi. "Samahanini," akasema, hasira hana hata chembe. "Sikuambiwa kwamba mmeniwekea muda." Akafunga Biblia, akaenda kukaa. Angenifokea ningepona.

Yaliyofuata ni ya kawaida: nikaitwa ofisini, nikaomba radhi, mzee akacheka mpaka akashika mbavu, spika ikapewa mtu mwingine. Jaribio ni kesho.

Ila mwenzangu wa chumbani ameshawaeleza watu mpaka habari za yule Mwitaliano. Leo asubuhi kwenye foleni ya uji wakanipokea mmoja mmoja: "Shikamoo, nyanya!" Nikasema potelea mbali, nikawa naitikia bila kugeuka. Marahaba. Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba, hamjambo huko kwenu?

Ya nne ilikuja na sauti ya upole, ya kizee. Nilishaitikia ndipo nikageuka.