Amos Tutuola hakunakili ngano, alizipigia hesabu

Imerudi tena ile kauli: kwamba Amos Tutuola, mwandishi wa riwaya wa Nigeria, alikuwa tarishi tu, shule yake ndogo, akaandika ngano alizosimuliwa utotoni, na Wazungu wakazipenda kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha kuokotaokota. Siku hizi inasemwa kwa upole, hata na wanaompenda. Na vijana wanaotaka kuandika riwaya yao ya kwanza ya majini na mizimu wanaipokea kama dawa: kusanya ngano, ziunge, peleka kwa mchapishaji. Halafu mswada unawafia mikononi kabla ya kufika katikati, na hawajui umeuawa na nini.

Fungueni riwaya yake The Palm-Wine Drinkard, iliyotolewa na wachapishaji wa London, Faber and Faber, mwaka 1952, kurasa za mwanzo kabisa. Mlevi ameanza kunywa tembo la michikichi akiwa na miaka 10. Baba yake anamtafutia mgema wa kwake peke yake na kumpa shamba la maili tisa kwa tisa lenye michikichi 560,000. Mgema analeta mitungi 150 kila asubuhi. Kufika saa nane mchana yote imeshanyweka, jioni analeta mingine 75. Bibi anayesimulia kando ya moto hana haja na tarakimu hizi; angesema palitokea mlevi mmoja, na watoto wakaitikia, hadithi ikaenda. Tutuola alizitia kwa makusudi. Hatujakutana na kiumbe hata mmoja wa ajabu, lakini ukubwa wa kiu tumeshaujua. Kwa hiyo mgema anapoanguka kutoka juu ya mchikichi na kufa, hakuna anayeuliza kwa nini mtu mzima atafunga safari mpaka Mji wa Wafu kumfuata mgema wake. Mitungi 225 kwa siku imekatika.

Sasa tazameni pale kwenye Mti Mweupe, mti mkubwa ambao ndani yake Mama Mwaminifu huwatunza wasafiri. Mlevi na mkewe, aliyemwoa njiani, wanafika mlangoni. Kabla hawajaingia wanauza kifo chao kwa pauni 70, shilingi 18 na peni 6. Hofu yao hawaiuzi, wanaikopesha kwa riba ya pauni 3 na shilingi 10 kwa mwezi. Wanakaa humo ndani kwa raha. Siku ya kutoka, aliyekopa hofu anairudisha na riba ya mwisho analipa. Aliyenunua kifo anakataa: alinunua, alilipa, biashara imekwisha. Wanaondoka hawawezi tena kufa, lakini kuogopa wanaogopa vilevile.

Hapo ndipo miswada mingi inapofia. Mwandishi mchanga anampa shujaa wake hirizi isiyoshindwa, halafu anashangaa mbona msomaji anapiga miayo. Shujaa asiyekufa wala kuogopa hana kitu cha kupoteza. Tutuola alikitoa kifo kabisa, jambo ambalo lingeiua riwaya yoyote, akaiokoa kwa tofauti moja ambayo kila mwenye duka anaijua: kilichouzwa hakirudi, kilichokopeshwa hurudi. Hofu ikabaki, safari ikaendelea kuwa na uzito. Huyu ni mtu anayejua mahali pa kukaza na mahali pa kulegeza, kama fundi wa kamba.

Aliyajulia wapi? Alizaliwa Abeokuta mwaka 1920, katika familia ya wakulima wa kakao. Alisoma miaka michache akitumika nyumbani kwa watu, na shule ikakatika baada ya baba yake kufariki mwaka 1939. Akajifunza uhunzi, akaufanya katika Jeshi la Anga la Uingereza kule Lagos wakati wa Vita vya Pili, kisha akawa tarishi Idara ya Kazi. Watu wanayataja haya kama mapungufu aliyoyashinda. Mimi naona ndiyo ghala lake. Chukueni ile sura ya Bwana Kamili, fuvu lililokodi viungo vya watu likawa mwanamume mzuri kupita kiasi, na binti aliyekataa wachumba wote akalifuata porini. Ngano ya binti huyo inajulikana pande nyingi za Afrika, na pwani yetu pia ina mabinti wake walioolewa na mazimwi. Lakini Tutuola anapotaka kueleza uzuri wa Bwana Kamili, anasema rubani wa ndege ya kivita akimwona mjini asingethubutu kudondosha bomu. Bomu hilo halikutoka kwa bibi. Lilitoka katika kambi ya jeshi la anga.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba alichota kwa D. O. Fagunwa, mwandishi mwenzake wa Nigeria, ambaye riwaya yake ya Kiyoruba, Ogboju Ode ninu Igbo Irunmale, ilitoka mwaka 1938 na ilisomwa sana na kizazi kile. Alichota. Pori lenye mizimu na mwindaji msafiri vilikuwapo tayari. Riba ya hofu ni yake.

Kwa hiyo anayeanza afanye hivi. Achukue ngano moja anayoijua vizuri, moja tu. Kila muujiza uliomo auulize unagharimu kiasi gani, nani analipa, lini, na nini kinatokea deni likichelewa. Jibu lake alitafute kwenye kazi anayoifahamu kwa mikono yake: daladala, cherehani, wakala wa simu, forodhani. Kisha atafute haja moja itakayovuta safari yote, kama mgema yule, maana ngano kumi zisizo na haja moja zitabaki ngano kumi. Na mwisho usiwe zawadi ya bure. Mlevi anamfikia mgema wake, anaambiwa wafu hawaishi na walio hai, anapewa yai la miujiza. Yai linalisha watu wakati wa njaa hadi walipolivunja kwa kusukumana. Analiunga kwa gundi, na tangu hapo linatoa viboko tu.

Kuhusu kuchapisha, njia yake haikunyooka. Mswada wake wa awali aliupeleka London kwa Focal Press, nyumba ya vitabu vya upigaji picha, ukalala huko. Ulitoka kitabu mwaka 1982. Huu wa mlevi aliupeleka kwa chama cha vitabu vya Kikristo, nacho, badala ya kuurudisha tu, kikautafutia njia ya kufika Faber. Julai 1952 mshairi Dylan Thomas akakisifu kitabu katika gazeti la The Observer la London.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Ndani ya kitabu Faber waliweka picha ya ukurasa wa mswada wenye masahihisho ya mhariri, kana kwamba msomaji anahitaji ushahidi. Nyumbani Nigeria, wasomi wakaandika kwamba Kiingereza kile kinawaaibisha. Tutuola, mwenye kitabu kilichokwishavuka bahari mara mbili, London na kisha New York mwaka 1953, akajiandikisha masomo ya jioni ili arekebishe Kiingereza chake.