Mfuko wa nyongo: matundu manne au mkato wa kawaida?

Hospitali ya rufaa ya mkoa inapopata fedha za seti ya laparoskopi, yaani vifaa vya kupasua kwa kamera kupitia matundu madogo, aghalabu upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo wenye mawe huwa miongoni mwa ya kwanza kupangwa. Hapo hoja hugongana. Wapo wanaosema kuendelea kumpasua mgonjwa kwa mkato wa sentimita 12 chini ya mbavu za kulia ni kumnyima nafuu ambayo wenzake Ulaya wameizoea tangu miaka ya 1990. Wapo wanaosema mashine hiyo itakula fedha za nyuzi, damu na dawa za usingizi, ilhali mkato wa kawaida unamaliza kazi ileile. Mimi naegemea upande wa matundu, kwa masharti.

Mkato wa kawaida una historia ndefu: daktari wa upasuaji Carl Langenbuch alitoa mfuko wa nyongo wa kwanza Berlin mwaka 1882. Erich Mühe alifanya hivyo kwa laparoskopi huko Böblingen, Ujerumani, Septemba 1985. Tumbo hujazwa kaboni dayoksaidi hadi shinikizo la milimita 12 mpaka 15 za zebaki ili ukuta wake uinuke na kuacha nafasi ya kazi. Kamera hupita kitovuni kwenye tundu la milimita 10, tundu la pili hukaa chini ya chembe cha moyo, na mawili ya milimita 5 huwa upande wa kulia. Mambo yakienda sawa, mgonjwa huondoka kesho yake na kurudi kazini baada ya wiki moja au mbili. Aliyepasuliwa kwa mkato mpana huambiwa asibebe kitu kizito kwa wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo si kweli kwamba matundu ni anasa ya wenye nacho. Karani aweza kukaa ofisini na mshono wake, lakini mkulima, kuli au mama lishe hawezi.

Hata hivyo wanaotetea mkato wana ushahidi usiopaswa kupuuzwa. Huko Sheffield, Uingereza, wagonjwa 200 waligawanywa kwa kura kati ya laparoskopi na mkato mdogo, kisha wote wakafungwa bandeji za aina moja ili wauguzi na wagonjwa wasijue nani kafanyiwa nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba laparoskopi ilichukua muda mrefu zaidi, na siku za kulazwa na za kupona hazikutofautiana kwa maana. Yaani sehemu ya sifa tunayoipa kamera inatokana na mambo mengine: mkato kuwa mdogo na mgonjwa kuruhusiwa mapema. Hospitali isiyo na mashine inaweza kuanza na hayo leo.

Hofu kubwa zaidi ni kukatwa kwa mrija mkuu wa nyongo, unaopeleka nyongo kutoka ini hadi kwenye utumbo. Kwa mkato wa kawaida hutokea kwa mgonjwa 1 au 2 kati ya 1,000, na kwa laparoskopi takwimu nyingi hutaja 3 hadi 5. Sababu yake inaeleweka. Msaidizi akivuta mfuko kuelekea juu tu, mrija wake mfupi hunyooka na kulala mstari mmoja na mrija mkuu. Daktari huona bomba moja, hulidhani ndilo analolitafuta, hubana klipu na kukata. Kidole hakipo kumwonya, na picha ya skrini haina kina. Dawa ni kuvuta pande mbili: kichwa cha mfuko kipandishwe juu ya ini kuelekea bega la kulia, na shingo yake ivutwe nje upande wa kulia ili pembetatu ya Calot, yaani nafasi iliyo kati ya mrija wa mfuko, mrija mkuu na ini, ifunguke.

Daktari wa upasuaji Steven Strasberg alieleza mwaka 1995 mambo matatu ya kuonekana kabla ya kukata chochote. Pembetatu iwe imesafishwa mafuta na nyuzinyuzi zote. Sehemu ya chini ya mfuko iwe imebanduliwa kutoka kwenye ini. Na vinavyoingia kwenye mfuko viwe viwili tu, mrija wake na ateri yake. Mfuko uliovimba kwa wiki kadhaa mara nyingi hauonyeshi haya. Hapo kuacha sehemu ya shingo yake na kuweka mpira wa kutolea majimaji, au kufungua tumbo, ni uamuzi wa kitaalamu, wala usihesabiwe kushindwa. Ila kufungua tumbo kunamtaka mtu anayeijua kazi hiyo. Daktari kijana aliyefundwa kwenye skrini pekee atajikuta akifanya mkato wake wa kwanza kwenye mfuko mgumu kuliko yote, na kwa sababu hiyo mkato usiondolewe kwenye mafunzo.

Masharti mengine ni ya vifaa. Kwa sababu kaboni dayoksaidi huingia kwenye damu na diaframu husukumwa juu, daktari wa usingizi lazima awe na kipimo cha gesi hiyo katika pumzi ya mgonjwa. Bila hicho, orodha ya upasuaji isianze. Mtungi wa akiba wa gesi na betri ya kushikilia umeme wakati jenereta inawaka viwepo chumbani. Taa ikizimika, kila mtu ashikilie chombo chake palepale bila kukisogeza.

Usafishaji ndio unaodharauliwa zaidi. Troka, yaani mirija ya kupitishia vyombo kwenye matundu, zilizokusudiwa kutumika mara moja hurudiwa, hulowekwa kwenye glutaraldehaidi, dawa ya kuua vijidudu, bila kufunguliwa viungo, kisha husuuzwa kwa maji ya bomba. Wiki tatu au nne baadaye tundu la kitovuni huvimba na kutoa usaha usiosikia antibiotiki za kawaida. Vimelea jamii ya kifua kikuu wanaoishi majini ni chanzo kinachojulikana cha usaha huo, na tiba yake huchukua miezi.

Kundi moja linanifanya nisisitize matundu: wenye selimundu, ambao Tanzania inao wengi. Chembe zao za damu huvunjika mfululizo, hivyo hupata mawe ya nyongo wakiwa bado watoto. Maumivu ya mkato chini ya mbavu huwazuia kuvuta pumzi ndefu, na mapafu yasipojaa vizuri huweza kuingia katika shambulio la kifua linaloua. Wakiongezewa damu hadi hemoglobini ikaribie gramu 10 kwa desilita, wakapewa maji na oksijeni ya kutosha na kukingwa na baridi, matundu huwafaa sana.

Kisha kuna mawe yaliyokwisha kuteremka kwenye mrija mkuu, takriban mgonjwa 1 kati ya 10. Haya hutolewa kwa endoskopi inayopita mdomoni hadi duodeni, mwanzo wa utumbo mdogo: mlango wa mrija hukatwa kidogo, mawe yakavutwa kwa puto au kikapu cha waya. Wagonjwa 3 hadi 10 kati ya 100 hupata uvimbe wa kongosho baada yake, hivyo haifanywi kwa kubahatisha. Huduma hiyo ipo kwenye hospitali chache za miji mikubwa, na ndiyo pia humwokoa mgonjwa ambaye nyongo inavuja baada ya laparoskopi. Mkoa unaonunua kamera uwe umekubaliana mapema na mojawapo ya hospitali hizo kuhusu rufaa. Mgonjwa mwenye macho ya njano, au ambaye ultrasaundi imeonyesha mrija mkuu uliozidi milimita 6, asipangiwe matundu mpaka mrija huo uchunguzwe na, ukiwa na mawe, usafishwe.