Shikamoo Babu

Nimepanda daladala asubuhi, raketi kwapani, bukta nimeifunika kwa suruali maana mtaa wetu unajulikana. Konda akaniangalia, akaiangalia raketi, akapaza sauti mpaka siti ya nyuma: "Mzee, hizo za mbu siku hizi bei gani? Hiyo ya kuchaji au ya betri?"

Gari zima likacheka. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akaongeza kwamba za Kariakoo hazimalizi mwezi. Nikakohoa kiofisa, nikasema hii ni ya tenisi. Konda akauliza, "Sasa hiyo mbu si anapita?"

Miaka 61. Mhasibu mstaafu. Watu walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwangu kusubiri saini!

Nilifikaje huku? Daktari, presha, sukari, "mzee, dakika 150 za mazoezi kwa wiki", wimbo mnaujua. Kutembea nilijaribu, nikawa nakutana na wanaonidai. Kukimbia nilijaribu, nikapitwa na muuza kahawa, birika la moto mkononi, na hakumwaga hata tone. Ndipo shemeji yangu akasema tenisi ndio mchezo wa watu wazima. Shemeji huyu huyu ndiye aliyeniingiza kwenye ufugaji wa kware. Mnaokumbuka, mnakumbuka.

Basi leo kocha kaniambia, "Mzee wangu, utacheza na mtu wa levo yako." Levo yangu ikaingia getini ina miaka 11, begi la shule mgongoni, inanyonya juisi ya boksi.

"Shikamoo babu," akapiga goti kidogo.

"Marahaba mjukuu." Moyoni nikasema, huyu nitamhurumia.

Mpira wa kwanza sikuuona, niliusikia ukigonga uzio. "Samahani babu." Wa pili: "Pole babu." Wa tatu niliufukuzia, miguu ikafika, kiuno kikabaki nyuma kinasubiri usafiri mwingine. Wa nne ukanidunda kitambini ukarudi kwake, nikashangilia. Kocha akasema mpira ukigusa mwili, pointi ya mwenzako. Mwili gani? Kitambi hiki nimekuja nacho, kilikuwepo kabla ya mpira!

Halafu hesabu zao. Kumi na tano. Thelathini. Arobaini. Nikasimamisha mchezo. Kumi na tano, thelathini, inakujaje arobaini? Tano zimekwenda wapi? Nani kaidhinisha? Ofisini kwetu ikipungua shilingi tano, mkaguzi anakesha na sisi tunakesha naye. Kocha akajibu, "Ndivyo ilivyo, mzee wangu." Hilo jibu nimelisikia miaka 34, na kila aliyelitoa alikuwa amejenga nyumba mbili.

"Na mimi nina ngapi?"

"Lavu."

Yaani sifuri, ila wenyewe wanaiita mapenzi. Mapenzi gani ya kukimbizana juani na mjukuu wa watu?

Sita bila. Akaja wavuni kunipa mkono, mkono mwingine kaushika kwenye kiwiko, adabu tupu. "Asante babu, nimefurahi." Sikumjibu, nilikuwa natafuta hewa. Lakini jamani, mtoto akikuheshimu si akuheshimu mpaka mwisho? Hata gemu moja? Moja tu! Raketi hii nimenunua kwa hela ya mafao, na mafao yenyewe mnajua yanavyotoka. Unaitwa ulete cheti, unapeleka cheti, unaambiwa jina la kati limekosa herufi, unaenda kuitafuta herufi... Basi, tuyaache.

Nyumbani Mama Asha kaniangalia navyopanda ngazi moja kwa mikono miwili, akasema kama shida ni kuinama na kuinuka, pipa la maji ni tupu na ndoo ziko nje.

Usiku uniti za LUKU zimeisha, na ile raketi ya mbu haikuchajiwa. Mbu akaanza sikioni. Nikapapasa gizani, nikashika ya tenisi, nikamsikilizia, nikapiga bakhendi ambayo kocha angelia machozi.

Nimevunja globu. Mbu kapita kwenye nyuzi, konda alisema. Giza ni lile lile, ila sasa hata umeme ukirudi ni bure. Na hizi globu za siku hizi nazo, mtu unanunua ya miaka mitano, unapewa na warantii kabisa, hata Ramadhani haifiki. Za zamani zile za njano, ilianguka moja kwa marehemu mjomba, ikadunda.