Asilimia 2.75: Mwajiri wa Kenya Yumo au Hayumo?

Tarehe 9 ya kila mwezi ina uzito wake katika ofisi za uhasibu nchini Kenya. Kufikia siku hiyo, au siku ya tisa ya kazi kwa ada ya nyumba, mwajiri sharti awe amewasilisha michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ada ya nyumba za bei nafuu na, tangu makato ya Oktoba 2024, mchango wa Bima ya Afya ya Jamii, yaani SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali. Katika matatu hayo, la mwisho lina sura ya peke yake. Kwa NSSF, mwajiri huongeza kiasi kilekile anachokatwa mfanyakazi. Kwa ada ya nyumba, kila upande hutoa asilimia 1.5. Kwa SHIF, mwajiri hatoi hata senti moja: anakata asilimia 2.75 ya mshahara wote wa mfanyakazi na kuipeleka inakotakiwa, basi. Ukiisoma sheria peke yake utasema mageuzi haya yalimpita mwajiri kando. Maoni yangu ni kwamba yamemgusa, ila yameingilia mlango wa nyuma, na upana wa mlango huo hautegemei sana asilimia inayokatwa kama unavyotegemea kasi ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuzilipa hospitali.

NHIF, iliyoanza mwaka 1966, ilikuwa ikitoza kwa ngazi. Kuanzia Aprili 2015 aliyepokea chini ya shilingi 6,000 alikatwa 150, na aliyepokea 100,000 alikatwa 1,700, sawasawa na aliyepokea milioni moja. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyotiwa saini na Rais William Ruto tarehe 19 Oktoba 2023, ilizifuta ngazi hizo, ikaweka kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi na kuacha upande wa juu wazi. Mahakama Kuu iliibatilisha tarehe 12 Julai 2024, ikilalamikia pamoja na mengine jinsi wananchi walivyoshirikishwa. Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo Septemba, na Oktoba mosi mfumo mpya ukaanza kazi huku kesi ikiwa bado haijapoa.

Tuchukue kiwanda cha kuoka mikate chenye wafanyakazi 40: thelathini wanapokea shilingi 20,000 kila mmoja, wanane 60,000, na mameneja wawili 250,000. Enzi za NHIF, wale thelathini walikatwa 750 kila mmoja, wanane 1,300, na mameneja 1,700; jumla ya makato ya wafanyakazi wote ilikuwa shilingi 36,300 kwa mwezi. Chini ya SHIF wale thelathini wanakatwa 550, wanane 1,650, na mameneja 6,875. Jumla ni 43,450. Ongezeko la 7,150 si kubwa kwa kiwanda kizima, lakini tazama lilivyogawanyika: waokaji thelathini wameokoa shilingi 6,000 baina yao, huku mameneja wawili peke yao wakiongeza 10,350. Anayesema SHIF imepandisha gharama ya bima kwa kila mfanyakazi hajafanya hesabu, na anayesema imewapunguzia wote hajazungumza na meneja. Mpaka wenyewe uko karibu na mshahara wa 35,000, ambapo aliyekuwa akikatwa 950 sasa anakatwa 962 na nusu.

Kodi nayo imeipunguza makali hesabu hiyo, jambo ambalo halisemwi sana. Marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 yanaruhusu mchango wa SHIF kutolewa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa, wakati NHIF ilikuwa na nafuu ya asilimia 15 tu ya mchango. Mwenye mshahara wa 100,000 anayetoa 2,750 anaokoa kodi ya shilingi 825, kwa hiyo mzigo wake halisi ni 1,925, dhidi ya 1,445 za zamani. Amepoteza 480, wala si elfu moja na ushei inayotajwa mitaani. Yule mwokaji wa 20,000 hapati chochote kwenye nafuu hii, kwa sababu mshahara wake haufiki kiwango cha kulipa kodi.

Waajiri wanasema nini basi, ikiwa hawatoi? Hoja yao ya kwanza ni kwamba mfanyakazi haangalii safu za hati ya mshahara bali kinachobaki mkononi. SHIF ilipokuja, ada ya nyumba ilikuwa imeshatua na NSSF ilikuwa ikipanda hatua kwa hatua tangu Februari 2023, na kila jipya lilipogusa mshahara, mlango wa ofisi ya rasilimali watu ulibishwa hodi. Kwa watumishi wa ngazi ya juu walioajiriwa kwa mkataba wa kiasi fulani cha mkononi, mwajiri hubeba tofauti yote mwenyewe, sheria iseme isemavyo. Hali ni hiyohiyo, kwa kimo kidogo, nyumbani kwa anayemlipa yaya shilingi 15,000 walizokubaliana: ama amkate 412 na nusu na kuzua ugomvi jikoni, ama aongeze kutoka mfukoni mwake, ama, kama wengi wafanyavyo, ajifanye hajui kwamba naye ni mwajiri.

Kuna pia kanuni ya Sheria ya Ajira ya 2007 inayokataza jumla ya makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mfanyakazi mwenye mkopo mzito wa sacco alikuwa ameshafika ukingoni, na nyongeza ya shilingi mia chache inatosha kumvusha. Makato ya serikali hayarudi nyuma, kwa hiyo barua ya sacco ndiyo inayorudishwa, na mhasibu ndiye anayekaa kuelezana na mtu aliyeapa kumaliza mkopo wake kufikia Desemba.

Hata hivyo, uzito mkubwa kwa mwajiri uko kwenye bima binafsi ya matibabu anayowanunulia wafanyakazi wake, au baadhi yao. Zamani, mgonjwa alipolazwa katika hospitali binafsi, NHIF ililipa kiasi chake cha kila siku, na kampuni ya bima ikamalizia kilichobaki. Bei ya bima hiyo ilipangwa kwa kujua kuna mkono mwingine unaosaidia kubeba. Mfumo mpya ungeweza kuupunguza mzigo wa kampuni za bima, kwani viwango vyake vya mwanzo havikuwa vya mzaha: shilingi 10,650 kwa kila awamu ya kusafisha damu kwa mwenye maradhi ya figo, shilingi 30,000 kwa uzazi wa upasuaji, na hadi shilingi 550,000 kwa mwaka kwa familia yenye mgonjwa wa saratani. Maradhi hayo ndiyo yanayomaliza kikomo cha bima ya kampuni kabla mwaka haujafika katikati. Hazina ya umma ikiyabeba inavyopaswa, mwajiri ana haki ya kwenda kwa wakala wake wakati wa kufanya upya bima na kudai bei ishuke.

Lakini hospitali haiwezi kununua dawa kwa ahadi. SHA ilirithi lawama za madeni ya NHIF kabla haijazoea kiti, na Februari 2025 chama cha hospitali binafsi za mijini na mashambani, RUPHA, kilitangaza kusitisha huduma kwa wenye SHA kwa sababu ya kutolipwa. Hospitali ikishafika hapo, mwenye kadi ya bima ya kampuni anaambiwa atumie kadi hiyo kwa bili nzima. Kampuni ya bima hulipa, huandika, na mwaka unapokwisha huirudisha hesabu kwa mwajiri ikiwa bei mpya. Hivi ndivyo mwajiri ambaye sheria haikumtoza senti anavyojikuta akilipia huduma ambayo wafanyakazi wake wameshaitolea asilimia 2.75.

Nina shaka na waajiri wanaotumia jambo hili kutaka mchango upunguzwe. Kinachowaumiza ni fedha kutofika hospitalini kwa wakati, na kupunguza mchango hakutaifanya ifike mapema. Isitoshe, ukilinganisha na majirani, mwajiri wa Kenya ametendewa kwa upole. Nchini Tanzania, mtumishi wa umma aliye katika NHIF ya huko huchangia asilimia 3 na mwajiri wake asilimia 3. Nchini Rwanda, mpango wa bima ya afya wa RAMA unatoza asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi kwa mfanyakazi na nyingine 7.5 kwa mwajiri. Bunge la Kenya liliamua kumwachia mfanyakazi mzigo wote, na kwa maoni yangu vyama vya wafanyakazi viliupigania udogo wa asilimia vikasahau kuuliza nusu ya pili iko wapi. Mwajiri anayechangia ana sababu ya kuibana SHA kila mwezi. Anayekata na kupeleka tu hana.

Wenye kuutetea mfumo wana hoja nzito kuliko wanavyoieleza wenyewe. Katika kile kiwanda cha mikate, bima binafsi huwa ni ya mameneja wawili na pengine wale wanane. Waokaji thelathini hawakuwahi kununuliwa chochote na yeyote, na sasa, kwa shilingi 550, mke wa mmoja wao ana haki ileile ya kusafishwa damu aliyo nayo mke wa meneja. Meneja anayelalamika kwamba analipa 6,875 kwa huduma asiyoitumia anasema kweli. Maana ya bima ya jamii ni kwamba aliye mzima amlipie mgonjwa. Kinachoifanya hoja hiyo ichechemee ni kwamba wa mshahara hukatwa kila mwezi bila kuulizwa, huku wa jua kali akitakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo baada ya kipato cha nyumba yake kukadiriwa kwa maswali. Wengi wamejisajili, wanaoendelea kulipa ni wachache mno kulinganisha na hao, na pengo linazibwa na hati za mshahara.

Kwa mwokaji, hesabu hizi zote hukutana kwenye dirisha la malipo la hospitali. Akiambiwa kidole kimesomwa na huduma imeidhinishwa, mwajiri wake hatajua hata kwamba mtoto alilazwa. Akiambiwa mfumo umelala, au kwamba hospitali haipokei SHA wiki hii, atampigia simu mhasibu kuomba karadha, na mwezi unaofuata, chini ya safu za NSSF, nyumba na SHIF, kutakuwa na safu ya nne iliyoandikwa kwa kalamu, isiyo na asilimia wala sheria.