Eti niandike barua

Wiki iliyopita wameuangusha mkuyu wa mtaani kwetu, wanataka maegesho. Nilipofoka kwenye kikao, mzee mmoja wa kamati akaniambia taratibu: "Mwanangu, mambo ya mazingira hayataki hasira. Andika barua."

Nikamkumbuka Minakata Kumagusu, mtafiti wa viumbe hai aliyepigania misitu ya kwao.

Huyo Mjapani barua aliandika, tena ndefu. Mwaka 1906 serikali yao iliamua kila kijiji kibaki na hekalu moja la Kishinto, dini yao ya jadi, mengine yaunganishwe. Usimamizi bora, si ndiyo? Kule kwao Wakayama hekalu likifutwa, miti yake ya karne na karne inauzwa mbao. Nchi nzima yakafutwa mahekalu kama 70,000.

Agosti 1910 uvumilivu ukamwisha. Akaenda amelewa (hilo simtetei) kwenye mkutano mjini Tanabe alikokuwemo ofisa mshabiki wa mpango ule. Walipomzuia, akavurumisha ndani mfuko wake wa sampuli, naye akajitoma. Siku 18 rumande. Na humo rumande akafanya nini? Akagundua ukungu-ute!

Hapo ndipo ninapompendea. Ukungu-ute ni ile kitu inayotambaa kwenye gogo bovu kama kamasi, kesho yake imesimamisha vichwa vidogo kama vya pini. Nani kwenye kamati anahesabu kamasi? Wao wanahesabu mti: tumekata mmoja, tutapanda miwili, hesabu imefunga. Minakata alikuwa akipiga magoti na kioo cha kukuzia, akiona kwamba ukiondoa kivuli umeondoa unyevu, na unyevu ukienda, wanakwenda wasio na hata jina. Mwaka 1911, akimwandikia gavana, tayari alikuwa akitumia neno ekolojia. Mwaka 1917 akakuta ute mpya kwenye gome la mti uani kwake mwenyewe, na Mwingereza Gulielma Lister akauita Minakatella. Uani, jamani! Huo mkuyu wetu nani aliwahi hata kuuinamia?

Haya, barua nazo zilisaidia. Mtafiti wa mila, Yanagita Kunio, alizichapisha, wakubwa wakazisoma. Lakini sera ile ilizikwa rasmi mwaka 1920, misitu mingi ikiwa imeshakuwa mbao.

Mwaka 1929 mfalme mwenyewe akaja Tanabe kumsikiliza. Minakata akamkabidhi sampuli 110 ndani ya maboksi ya peremende.

Barua ya kamati nimeshaiandika, mzee wangu. Kesho naileta mwenyewe, na sitabisha hodi.